Moshi wa Suswa

Siyad Dagane alikuwa na miaka sitini na tisa, na katika kundi lote lililotoka Garissa kwenda kupanda mlima Suswa hakuna mwingine aliyevuka thelathini. Alikuwa amefuata jambo moja tu: kuiona kreta ya volkano kwa macho yake. Alipokuwa na miaka hamsini na minne, mlinzi wa ghala mchana na mwanafunzi usiku, aliichora katika mtihani wa jiografia akapata alama zote. Mkewe, Ramlo, ambaye hakujua kusoma, ndiye aliyekuwa akimsikiliza akikariri.

"Hicho kitu umekiona wapi?" alimuuliza siku moja.

Siyad alimwonyesha mchoro wa kitabuni. Sasa ulikuwa mwaka wa pili tangu amzike Ramlo.

Kambini, kiongozi wao, Mmaasai mrefu aitwaye Koinet, aliwapa utaratibu. "Tunaondoka saa tisa usiku, ili jua litukute juu. Mzee, wewe baki na mpishi. Kuna chai."

"Mimi nimeswaga ngamia toka Modogashe mpaka mto Tana kabla baba yako hajaoa," Siyad alisema.

Vijana wakacheka. "Adeer, huko kulikuwa na mlima hata mmoja?" Ikran, msichana mmoja kundini, alimuuliza, akimwita ami kwa Kisomali.

"Hakukuwa na mlima. Kulikuwa na simba."

Koinet akakubali kwa shingo upande. Akamweka kijana mmoja, Daud, atembee nyuma na mzee. "Usimwache," alimwambia.

Walitembea saa nzima vizuri. Kisha kicheko cha Ikran kikasikika mbele, na miguu ya Daud ikaanza kuwasha. "Adeer, naenda kuwaambia wapunguze mwendo. Dakika mbili tu."

Hakurudi. Siyad aliziona tochi zao zikipanda moja moja, zikapinda nyuma ya jabali, zikaisha. Aliita, upepo ukaichukua sauti. Alipofika njia panda hakujua ashike ipi. Ndipo akauona upande wa kushoto, chini ya mbalamwezi, moshi mweupe ukipanda mahali patatu. Mchana walikuwa wamepita maboma ya Wamaasai. Akajua hapo pana watu, na mtu mmoja angemwonyesha njia.

Alipobakiza hatua hamsini alisimama. Kwao, msafiri haingii boma la watu usiku kama fisi. Alizima tochi asiwamulike watu majumbani mwao, akatoa salamu kwa sauti. Kimya. Akarudia mara ya pili, na ya tatu. Akaketi juu ya jiwe, fimbo mapajani, angoje aitwe. Hakuna mbwa aliyebweka. Hilo alilitambua, lakini alijiambia huenda watu hawa hawafugi mbwa.

Baridi ilimpenya mpaka kwenye mifupa. Kwa kuwa mgeni hutakiwa kutoa habari zake, akaanza kuzitoa pole pole, akiuelekea moshi.

"Mimi ni Siyad, mwana wa Dagane. Natoka Garissa, mtaa wa Waberi. Mvua ilinyesha siku mbili tu. Mifugo si haba. Mke wangu amefariki. Watoto wako mbali. Nyumbani nakula peke yangu, na redio."

Hakuwahi kulisema hilo mbele ya mtu. Alilisema likaisha, akaendelea kungoja.

Baadaye sana tochi ikaja mbio. Alikuwa Koinet, peke yake, pumzi juu juu.

"Mzee! Unaongea na nani?"

"Na wenye boma. Hawajaitika."

"Hapa hakuna boma. Huo ni mvuke, unatoka ardhini. Mama zetu huutega kwa mabomba wapate maji. Ungeingia ungeungua miguu!"

"Singeingia bila kuitwa," Siyad alisema. Kisha, kwa sauti ndogo: "Matundu ya mvuke. Nimeyasoma."

Mashariki kulikuwa kumeanza kupauka. "Juu bado ni saa nzima," Koinet alisema. "Jua hatuliwahi tena. Turudi?"

"Jua likitoka, kreta inahama?"

Koinet akacheka kwa mara ya kwanza usiku ule. "Haihami, mzee."

Walisimama mara moja tu, Siyad akaswali alfajiri. Karibu na kilele walikutana na wenzao wakishuka, wakionyeshana picha kwenye simu. Daud aliangalia chini. "Adeer, nisamehe, nilidhani uko nyuma yetu."

"Nenda, chai yako itapoa," Siyad alimjibu, akampita.

Ukingoni ardhi ilikatika ghafla. Chini kulikuwa na bonde la mviringo lenye kina, lililojaa msitu mweusi, na katikati yake bonge la ardhi limesimama peke yake, halifikiwi kwa urahisi kutoka upande wowote. Ukungu ulikuwa ukizunguka humo bila kupata pa kutokea. Siyad aliegemea fimbo.

"Eeg," akasema kwa Kisomali, bila kumgeukia mtu.

Koinet, aliyekuwa ameketi mbali akifunga viatu, akainua kichwa. "Unasemaje?"

"Nasema, tazama."

"Mimi huiona kila wiki, mzee."

Lakini aliinuka, akaja akasimama ubavuni pake, akatazama.