Ng'ombe Aliyetafuna Mifupa

Dekow alipooa mara ya pili alikuwa na miaka hamsini na tisa, na mke aliyemwoa alikuja na ng'ombe.

Watu wa Tarbaj walimjua Dekow kama mtu wa ngamia. Baba yake alikuwa wa ngamia, na babu yake vilevile, na ngamia wake kumi na wanne walikuwa wakichungwa na mdogo wake Abdisalam upande wa Hadado. Idil alitoka mbali kusini, Sangailu, kwa watu wa ng'ombe. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na sita, mtulivu, mwenye kucheka kwa macho kabla ya mdomo. Dada yake Dekow aliyeolewa Garissa ndiye aliyewakutanisha. Idil alikuwa na sharti moja tu. Ukame mkubwa ulikuwa umemwachia ng'ombe mmoja kati ya kumi na mmoja, jike jeupe aitwaye Adey, wa uzao wa ng'ombe wa marehemu mama yake.

"Mimi na Adey tunakuja pamoja," alimwambia Dekow kwa simu, "au hatuji."

Dekow alicheka akakubali, akidhani ni maneno ya mwanamke anayetaka kubembelezwa. Wiki moja baada ya nikahi, lori likasimama mbele ya boma lake, na Adey akateremshwa kwa shida, miguu ikitetemeka, vumbi la barabara limembadilisha kutoka mweupe kuwa mwekundu. Idil alimfuta uso kwa ncha ya mtandio wake kabla hata ya kunywa maji yeye mwenyewe.

Kuanzia siku hiyo Dekow akawa mteka maji. Kila asubuhi alikokota punda na madumu manne kutoka kisimani, na kila asubuhi alinung'unika.

"Ngamia wangu wanakaa siku kumi bila kuona maji," alisema.

"Na mimi je?" Idil akauliza huku akimmiminia chai.

"Wewe unakunywa kila siku."

"Basi sasa tuko wawili. Zoea."

Alizoea. Kusema kweli alizoea haraka kuliko alivyotaka kukiri. Baada ya miaka sita ya kuishi peke yake, ilikuwa faraja kurudi nyumbani na kukuta mtu wa kubishana naye.

Jua la kiangazi lilipokaza, nyasi ziligeuka njano, kisha kijivu, zikawa zinavunjika mkononi kama vijiti vya kibiriti. Adey alikuwa na mimba ya miezi saba. Alasiri moja Dekow alipotoka msikitini alimkuta amesimama nyuma ya boma, shingo ameinyoosha, mfupa wa mguu wa punda umemkaa mdomoni kwa upande. Alikuwa akiutafuna polepole, macho ameyafumba nusu, kama mzee aliyetulia na miraa yake.

Dekow aliupokonya mfupa akautupa. Kesho yake Adey alipata mwingine.

"Anataka chumvi," Dekow alimwambia Idil kwa uhakika wa mtu anayejua kazi yake. Ngamia wakikosa chumvi hulamba chochote, hilo alilijua tangu utotoni. Akafunga safari ya siku nzima hadi kwenye visima vya chumvi, akarudi na gunia la udongo mweupe ambao ngamia wake huupenda, akaumwaga mbele ya Adey. Ng'ombe aliulamba kwa adabu, akashukuru kwa kumpangusia Dekow pua yenye ute kwenye kanzu, kisha akaenda zake kutafuta mfupa.

Baada ya mifupa yakaja mengine. Alitafuna kipande cha turubai, akamaliza kamba ya punda. Mbavu zikaanza kuhesabika, ingawa tumbo lilibaki kubwa na limejaa. Idil hakusema mengi siku hizo. Dekow aliona kimya chake akakielewa vibaya. Alidhani amechoka na Tarbaj.

"Sikiliza," alimwambia siku moja wakiwa wamekaa kivulini. "Huko kwenu Sangailu majani hayajakauka hivi. Tumrudishe Adey kwa kaka yako mpaka mvua inyeshe. Hapa tutamuua."

Idil aliendelea kuchambua mchele kwenye sinia. Vidole vyake vilikwenda taratibu kuliko kawaida.

"Mama alipofariki," alisema hatimaye, "nilikwenda zizini nikakaa na ng'ombe, kwa sababu wao hawakuniambia nivumilie. Huyu ndiye aliyebaki. Akienda, Dekow, nitakaa hapa, lakini nusu yangu itakuwa njiani."

Dekow alinyanyuka akachukua fimbo yake akaenda kisimani, ambako alisikia kwamba afisa wa mifugo yupo anachanja mbuzi.

Afisa huyo alikuwa msichana wa Wajir aitwaye Bishara, mwembamba, mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Dekow alimsubiri amalize mbuzi wa mwisho, ndipo akamweleza shida yake kwa kuzunguka, kama mtu anayeona aibu kuonekana akimlilia ng'ombe.

"Nitakuja kumwona, adeer," Bishara akasema. Ndivyo wanavyomwita baba mdogo huko, na Dekow akalainika.

Alikuja siku hiyohiyo. Alimpapasa Adey mbavu na mgongo, akamkandamiza ubavu wa kushoto, akatazama kinyesi, kikavu na kigumu. Kisha akachuchumaa.

"Tumbo limejaa, lakini mwili una njaa," alisema. "Nyasi hizi zimebaki kamba tupu. Ndani ya tumbo la ng'ombe kuna vijidudu vidogo vinavyomsagia chakula, na vijidudu hivyo navyo vinataka kulishwa. Vinataka protini. Visipoipata, nyasi zinakaa tumboni tu kama mzigo. Halafu ana mtoto ndani anayejenga mifupa. Mifupa inajengwa kwa madini, na moja inaitwa fosforasi. Kwenye majani makavu haipo ya kutosha, ndiyo maana anaifuata kwenye mifupa ya wenzake."

"Nilimpa chumvi," Dekow akasema.

"Ulifanya vyema, chumvi anaihitaji. Lakini chumvi ni madini mengine. Ni kama mtu ana kiu wewe unampa mkate." Bishara akainua mfupa uliokuwa karibu na buti lake. "Na huu msimwachie. Mzoga ulioozea juani huwa na sumu inayomlegeza ng'ombe mwili mzima hata ashindwe kumeza. Sasa niambieni, mbali na nyasi, anakula nini?"

Dekow alifungua mdomo aseme hakuna kitu. Idil akamtangulia.

"Mkate wa anjera," alisema kwa sauti ndogo. "Na maharage. Na uji wa mahindi, kidogo."

"Kutoka wapi?" Dekow akauliza.

Idil aliangalia chini. Bishara naye, kwa busara ya msichana aliyelelewa na shangazi wengi, akageuka kuutazama mkia wa ng'ombe kwa makini.

"Kutoka sahani yangu," Idil akasema.

Dekow alimtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alimwona. Mifupa ya shingo ilikuwa imejitokeza juu ya mtandio. Bangili iliyokuwa ikimbana mkono sasa ilimshuka hadi kwenye kiganja. Yeye aliyeweza kumtazama ngamia kwa mbali akakwambia amekunywa lini na amelala wapi, alikuwa akila mezani pake peke yake kila siku, kama desturi ya wanaume, wala hakuwahi kuuliza kilichobaki jikoni.

"Uji usimpe tena, eedo," Bishara alimwambia Idil kwa upole, akimwita shangazi. "Unga mwingi kwa ghafla huchachusha tumbo lake. Na huyo anayetoa sahani naye ale."

Aliwaambia la kufanya. Chini ya migunga maganda ya mbegu yalikuwa yameanza kuanguka. Hayo yana protini. Yapondwe ili mbegu zipasuke, apewe asubuhi na jioni. Wamwongezee pumba za ngano, ambazo zina fosforasi, na atawaletea tofali la madini la kulamba kutoka Wajir. Maji wasimpunguzie.

Jioni hiyo Idil alipompelekea Dekow sinia lake, mumewe alilishika ukingo, asimwache aondoke.

"Kaa," akasema.

"Nitakula baadaye."

"Kaa hapa, Idil. Nataka kukuona ukimeza."

Alikaa. Walikula kutoka sinia moja, na Dekow alisukuma vipande vya nyama upande wa mkewe mpaka Idil akamwambia aache, yeye si ndama. Wote wawili wakacheka, na kicheko cha Idil kikageuka kilio kidogo, na Dekow akamwacha alie mpaka atosheke.

Kesho yake mtu wa ngamia alionekana ameinama chini ya migunga akiokota maganda kwenye kiroba. Mzee mwenzake Maalim, aliyesoma naye chuo cha Kurani utotoni, alipita akasimama.

"Umepoteza nini, Dekow?"

"Naokota chakula cha ng'ombe."

"Kumbe kuoa ni kazi," Maalim akasema, akaenda zake kuwaambia wengine.

Dekow hakujali. Aliokota maganda, na kiroba cha pili alijaza mifupa yote aliyoiona kuzunguka boma, akaizika mbali katika shimo refu. Idil aliponda maganda kwenye kinu. Pumba zikaja, tofali la madini likaja, jekundu kama matofali ya nyumba, na Adey akalilamba kwa bidii hata ulimi ukabadilika rangi. Baada ya wiki tatu alikuwa akipita karibu na kijiti au kamba bila kugeuza kichwa. Baada ya mwezi na nusu manyoya yake yalilala vizuri, na kiwele kikaanza kujaa.

Alizaa asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Ndama alikuwa jike, mweupe mwenye doa jeusi sikioni, lakini alibaki amelala. Dekow alimsugua kwa gunia kavu mpaka mikono ikauma. Ndama alipumua, akatikisa sikio, asisimame. Idil alikuwa tayari amekamua kikombe cha dang'a, maziwa ya kwanza, manjano na mazito.

"Hayo ni ya kumwaga," Dekow akasema. Ndivyo alivyofundishwa kwa ngamia, kwamba maziwa ya kwanza humharisha mtoto. "Subiri yawe meupe."

"Ndama hawezi kusubiri."

"Idil, nimezalisha ngamia wangapi?"

"Wengi. Na wangapi walikufa wiki ya kwanza?"

Dekow alikumbuka baadhi yao, hata majina ambayo walikuwa wameshapewa. Idil alimshikia kikombe mbele yake bila kumsukuma.

"Bishara alipoleta tofali alisema haya ndiyo kinga yake," alisema. "Lazima ayapate asubuhi hii, yakichelewa mwili wake hautayapokea. Mama yangu naye alifanya hivyo, bila kusoma popote."

Dekow akakichukua kikombe. Idil alimfungua ndama mdomo kwa kidole, Dekow akamimina kwenye chupa ya soda na kumnywesha tone kwa tone, akingoja kila mara ameze. Walimaliza chupa, wakajaza tena. Kabla ya adhuhuri ndama aliinua makalio, akaanguka, akainua tena, akasimama amepanua miguu kama meza mbovu. Adey akamlamba hadi akamwangusha. Mara ya tatu alifika kwenye chuchu.

Dekow alikaa chini palepale mavumbini. Idil akakaa kando yake, bega kwa bega, mchana kweupe, na mtu yeyote angeweza kupita akawaona.

Siku ya kumi ilibidi Dekow aende Hadado, kwa sababu majike wawili wa ngamia walikuwa karibu kuzaa. Alipofika alimkalisha Abdisalam chini ya kivuli cha turubai, akamweleza habari ya maziwa ya kwanza, yote aliyoambiwa na mengine aliyojiongezea.

"Haya umeyatoa wapi?" Abdisalam akauliza. "Baba hakufanya hivyo."

"Kwa mke wangu."

"Mke wako ni mtu wa ng'ombe."

"Ndiyo," Dekow akasema. "Na utafanya kama alivyosema."

Kisha akapanda kwenye kichuguu, mahali pekee ambapo simu hushika, akampigia Idil. Alimuuliza ndama ananyonyaje, akaambiwa vizuri. Alimuuliza kama Adey amekunywa maji, akaambiwa Maalim mwenyewe ndiye aliyeyateka, huku akinung'unika njia nzima.

"Na wewe umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Idil akaanza kumtajia, wali, maharage, kipande cha nyama kutoka kwa jirani Zeinab, na Dekow akasimama pale juu, simu ameibana sikioni, akisikiliza orodha hiyo mpaka mwisho.