Vibanio vya Wifi

Wasusi wote wana uongo mmoja ambao hakuna anayewalaumu. Mteja akianza kujinyonganyonga kitini, msusi humwambia, "Tulia, nimemaliza." Mteja anajua kwamba bado sana. Ananung'unika, anakaa.

Fundi saa hakulijua hilo. Mchumba wake alipomleta mara ya kwanza kwa dada yake msusi, alivumilia draya inayovuma, redio inayobweka na vidole vinavyomvamia shingoni bila hodi. Kisha akasikia, "Nimemaliza, wifi." Akashukuru, akarudi zake kibandani kutengeneza saa za watu, upande mmoja wa kichwa umesukwa, wa pili umetimka.

Mtaa ulicheka. Msusi hakucheka. Sasa harusi ilikuwa kesho, na ujumbe wa fundi saa ulikuwa mfupi: "Nitakuja kama utaniambia ukweli. Ukinidanganya, nitanyoa."

Mwingine angekuwa anatishia tu. Fundi saa aliingia na mashine ya kunyolea mkobani, akaionyesha kwa adabu, akaketi.

Msusi akazima redio.

"Kuna msiba?" aliuliza mama muuza viatu, aliyekuwa kiti cha pembeni na rola kichwani.

"Kuna wifi."

"Basi ni yale yale."

Msusi akazigawa nywele mafungu, kila fungu akalibana na kibanio cha rangi. "Wifi, sikiliza. Nikimaliza fungu, kibanio chake nakupa mkononi. Visipobaki kichwani, ndiyo mwisho. Kabla ya hapo, hata nikisema nimemaliza, usiniamini."

"Sasa nimwamini nani?"

"Viamini vibanio."

Fundi saa akatafakari. "Na shingo?"

"Nitakuambia kabla sijaigusa."

"Uishike kwa nguvu. Ukinipapasa nasikia mpaka kwenye meno. Na ile draya?"

"Leo taulo."

Kazi ikaanza. Kwa msusi yule, kunyamaza kulikuwa kama kukalia siafu, lakini alijikaza. "Shingo," alisema tu, akashika. Kibanio kikashuka mkononi, kikafuata kingine. Fundi saa alivipanga pajani, vyekundu na vyekundu, vya manjano na vya manjano, mabega yakilegea taratibu.

Mama muuza viatu ndiye aliyeshindwa. "Bibi harusi, mtazaa wangapi?"

"Sijui. Wewe?"

"Mimi nilishazaa!"

"Basi lako ni rahisi. Wangapi?"

Mama akacheka hadi rola moja ikamtoka.

Kibanio cha mwisho kikashuka. Fundi saa akavikusanya vyote kiganjani, akainuka, akachukua mkoba. Hapo ndipo msusi alipoliona: nyuma ya sikio la kushoto, fungu zima ambalo halijaguswa. Alisahau kulibana.

Uongo wa zamani ulikuwa tayari ulimini. Mama muuza viatu naye aliona, akanong'ona, "Mwambie unampaka mafuta tu!"

Msusi akaweka kitana mezani.

"Wifi, vibanio vimeisha lakini mimi sijamaliza. Kuna fungu nililisahau nyuma ya sikio. Kosa ni langu, si lako. Nilikuahidi mwisho, na mwisho umefika. Ukitaka kwenda, nenda."

Fundi saa alisimama, mkono mmoja juu ya mkoba wenye mashine. Akajipapasa nyuma ya sikio. Akafungua kiganja, akavichambua vibanio, akachagua cha manjano. Akalibana lile fungu mwenyewe, sawasawa, kama anayerudisha kigurudumu ndani ya saa, akaketi.

"Kimoja," alisema.

"Kimoja," aliitikia msusi.

Kisha kwenye kiti cha pembeni mkono ulinyooshwa, kiganja wazi.

"Na mimi nipewe vibanio," alisema mama muuza viatu. "Tangu asubuhi naambiwa nimemalizwa."