Geji ya Mke Mwenza

Injini ilikuwa imezimwa tangu asubuhi, imepoa kabisa, lakini geji mpya ya oili ilikuwa inaapa kwamba presha imejaa. Mshale ulikuwa umejibana upande wa kulia, mwisho kabisa, hauna hata haya.

"Mwongo mkubwa we," Fyuzi aliiambia, akaidonoa kioo kwa ukucha.

Jina la Fyuzi alipewa na kaka yake utotoni, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi kuungua. Alipokua akawa fundi umeme wa magari, jina likakosa tena pa kuondokea. Leo alikuwa amejikunja ndani ya kebini ya lori la baba yake, kichwa chini ya dashibodi, jasho likimwingia machoni, na kila alichokigusa kilikuwa kinamcheza shere.

Lori lenyewe lilikuwa na pua ndefu, usukani mpana kama ungo, na boneti inayofunguka pande mbili kama mbawa za kuku. Mama alikuwa akiliita Mke Mwenza kwa sababu, alisema, ndilo linaloogeshwa kwanza. Geji yake ya zamani ilikufa kabla Fyuzi hajazaliwa, na tundu lake kwenye dashibodi Baba aliliziba kwa kizibo cha soda. Hakuihitaji. Aliisikiliza injini. Oili ikipungua, alisema, sauti inakauka kama ya mtu mwenye kiu.

Shida ni kwamba masikio yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Nyumbani hakuna aliyethubutu kulitaja jambo hilo mpaka siku injini iliponoki njiani. Vyuma vilikuwa vikigonga kama watu wanatwanga, watu kando ya barabara wanampungia mikono asimame, naye anawapungia pia, anatabasamu, akidhani anasalimiwa.

Injini ikafumuliwa, ikaundwa upya. Kaka mtu, ambaye ndiye aliyekuwa akilitafutia lori mizigo, akaleta geji ya umeme ndani ya boksi pamoja na sensa yake, kidude cha shaba cha kufungwa kwenye injini ili kipime presha na kuituma kwenye geji kwa waya.

"Mfungie hii," alimwambia dada yake mlangoni, kwa sauti ya chini ambayo Baba asingeisikia hata kama isingekuwa ya chini. "Jioni nikirudi iwe inasema kweli, na yeye awe anaitazama. La sivyo namwita mkata vyuma chakavu aje alichukue lori. Na usije ukanililia."

Baba hakuambiwa, lakini alijua. Alikuwa amekaa juu ya kreti, mikono magotini.

"Wameniletea nyapara," alisema kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. "Ndani ya kebini yangu mwenyewe."

"Si nyapara, Baba. Ni geji."

"Inanichunga?"

"Inaichunga oili."

"Basi ndiye huyo huyo."

Kilichomtia Fyuzi wazimu ni hiki. Sensa ikiwa mkononi mwake, akiigusisha tu kwenye chuma cha injini, mshale ulilala kwenye sifuri kwa adabu zote, kama ilivyopasa injini ikiwa imezimwa. Ikishafungwa mahali pake, mshale ulipaa mpaka mwisho. Akabadilisha waya. Ukapaa. Akakwangua vituo vya betri mpaka vikang'aa. Ukapaa. Akaing'oa geji yenyewe na kuifungia nje ya kebini, juu ya ubao. Ukapaa tena, safari hii hadharani. Akairudisha kwenye dashibodi.

Na kila mara ilipofika zamu ya kuifungua sensa na kuirudisha, Baba aliinuka.

"Toka hapo, mama. Tundu hilo nalijua mimi. Ukilikaza kwa hasira zako utazila nyuzi zake za kukazia."

Aliichukua sensa, akaenda nayo kwenye meza yake ya vyuma, akaifuta kwa kitambaa kama mtoto aliyetoka kuoga, akarudi, akaikaza taratibu huku ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Hapo Fyuzi alikuwa tayari amerudi chini ya dashibodi akigombana na waya.

"Nyie wawili, chakula kimelala!" Mama aliita kutoka mlangoni. Halafu, akilitazama lori: "Na wewe, Mke Mwenza, hata leo hujatosheka?"

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya ukuta wa ua. Fyuzi alitamani kuichukua nyundo. Badala yake, kwa kukata tamaa tu na wala si kwa akili, alichukua waya wake wa kupimia wenye klipu pande zote mbili, akabana ncha moja kwenye mwili wa sensa na nyingine kwenye chuma cha injini.

Mshale ukaanguka. Sifuri.

Akaachia klipu. Ukapaa. Akabana. Ukaanguka.

Akachukua spana, akaifungua sensa mwenyewe. Nyuzi zake zilikuwa zimeviringishwa tepu nyeupe, ile ya mafundi bomba, tabaka juu ya tabaka, nadhifu kama bandeji ya hospitali.

"Baba. Hii nini?"

"Tepu."

"Umeizungusha leo tu, au kila mara?"

"Sasa ulitaka ivuje?" Baba alishangaa kweli. "Injini hii haijawahi kudondosha tone uani kwangu. Muulize mama yako."

"Umeme unarudi kwenye betri kupitia mwili wa sensa, Baba! Chuma kwa chuma! Wewe umeivalisha koti la baridi! Siku nzima natambaa kama mjusi, nimeitukana geji, nimemtukana mwenye duka, kumbe wewe..."

"Ungeniambia."

"Ungeniuliza!"

Baba aliikunjakunja tepu iliyobaki, akaitia mfukoni. Alipanda kebini, akafunga mlango polepole, akashika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Fyuzi akaona jinsi shingo yake ilivyokonda, hasira ikamgeukia yeye mwenyewe, na hilo likamkera zaidi.

Wakati huo huo pikipiki ya kaka yake ikaingia getini.

Fyuzi alibandika sensa tupu, bila tepu, kwenye tundu, akaizungusha kwa vidole mpaka ikagoma, akaiacha klipu ikining'inia palepale. Spana ilikuwa juu ya madigadi. Nitaikaza baadaye, alijiambia.

"Washa, Baba!" Akamwonyesha kwa mkono.

Injini ikakohoa, ikatikisa ua mzima, ikashika. Mshale ulijikokota kutoka sifuri, ukafika katikati, ukatulia. Fyuzi alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Kaka yake alikuja akasimama naye ubavuni mwa lori, helmeti kwapani.

"Inasema kweli?" alipaza sauti.

"Inasema!"

"Na yeye ataitazama? Mtu hatazami hata indiketa!"

"Mpe muda!"

"Muda nilimpa! Safari nyingine akinoki na mzigo mlimani? Mimi ndiye nitakayeulizwa!"

"Wewe huwazi ila mzigo!"

"Na wewe huwazi ila kumfurahisha! Mkata vyuma anasubiri simu yangu!"

"Mpigie basi! Akija mwambie aanze kukata pikipiki yako, halafu..."

Injini ikazimika, na Fyuzi akajikuta anafoka peke yake katika ua uliokuwa kimya. "...ahamie kwenye kichwa chako!"

Jirani mmoja alicheka nyuma ya ukuta.

"Mbona umezima?" kaka aliuliza.

Baba alitoa kichwa dirishani. Alinyoosha kidole, si kwao, bali kwenye dashibodi.

"Umelala," alisema. "Ulikuwa katikati. Ukaanza kushuka. Ukalala."

Fyuzi alizunguka upande wa pili mbio. Oili mpya, bado ya rangi ya asali, ilikuwa imetapakaa ubavuni mwa injini na inachirizika mchangani. Sensa ilikuwa inaning'inia kwa uzi wa mwisho, imejifungua kwa mtikisiko wa injini. Spana ilikuwa bado juu ya madigadi, imelala usingizi wa pono.

Kaka yake aliitazama oili, akaitazama spana, akamtazama yeye.

"Fundi," alisema.

Basi. Fyuzi angependa zaidi kuzabwa kibao.

"Wewe ulisikia injini ikibadilika?" kaka alimuuliza, kwa sauti nyingine.

"Sikusikia. Na wewe?"

"Sikusikia kitu."

"Mimi ndiyo kabisa," Baba alisema kutoka juu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. "Hata jinsi mlivyokuwa mnatukanana sikusikia. Niliona midomo tu."

Kaka mtu alitoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Akavuta beseni kuukuu chini ya meza ya vyuma na kulisukuma chini ya injini kwa mguu.

"Kesho kuna mzigo wa mchanga," alisema bila kumtazama mtu. "Lisidondoshe hata tone. Atapita njia ile ile ya watu wake wanaomsalimia." Akaingia ndani kula.

Baba alishuka, akasimama mbele ya binti yake. Alitoa tepu mfukoni, akaishika tu, hakuizungusha.

"Sasa?"

Fyuzi alikuwa bado na hasira. Mgongo ulimuuma, oili ilikuwa imempenya mpaka ndani ya viatu, na kazi yote ilibidi irudiwe mwanga ukiwa unakwisha. Alikata kipande cha waya, akamenya ncha zake kwa meno.

"Zungusha, Baba. Mimi nitaufungia umeme waya wake wa kurudia, kutoka kwenye sensa mpaka kwenye chuma. Wewe na tepu yako, mimi na waya wangu."

"Na kukaza?"

Akampa spana.

Baba alianza kuviringisha, ulimi pembeni ya mdomo. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Inatosha, Baba. Si kidonda hicho."

Hakusikia, au alijifanya hasikii. Akaongeza mzunguko mwingine.