Bado Inasali

...sogeeni basi, sogeeni karibu na mnyamaze, hivyo ndivyo Bi Azza alivyotaka kuwaambia, sogeeni tukae fungu moja na asiseme mtu, maana kigari hiki kikisikia sauti kitatikisika tena, lakini mdomo umemkauka na macho kayafumba tangu kiliposimama, kimesimama pasipo kitu, mashamba ya migomba ya Birkat al Mauz kule chini yamekuwa madogo kama kiraka cha kanga, juu jabali limekunja uso, na baina yao sanduku hili la vioo linaning'inia kwenye waya kama ndoo ya kisimani, telefriki wanaiita, na ile sauti ya darini imeshasema kwa Kiarabu kwamba ni upepo tu, subirini kidogo, tafadhali msisimame... nani asimame, miye?, miguu yenyewe naiona wapi... na Humaid, mwanawe wa pekee, ndiye aliyemwambia jana, mama, kesho tukakutembeze, tukupandishe jabalini ukaone mawaridi, naye kwa furaha akasahau kuuliza, mbona leo, watu wasiomchukua hata sokoni Ibra leo wamemvisha, wamemfunga mkanda wa gari, na ndani ya buti aliuona mkoba wake wa kijani na chetezo chake kimechomoza kichwa, akasema moyoni, tazama, hata chetezo wamenichukulia tukafukize udi huko juu, wana adabu watoto hawa, Mungu awaweke.

"Mama? Mama?" hiyo sauti ya Humaid, akataka kuitika ulimi ukakataa, "kalala," akasema Humaid, na mara Maram mkewe akaacha Kiarabu akaingia Kiswahili, kwa sababu humu ndani wamo pia bwana mmoja wa Nizwa na mkewe, wageni, na Kiswahili ndicho pazia letu, tukitaka kusemana mbele ya watu tunaliteremsha, "basi tukirudi tutaiacha Sinaw," akasema Maram, "njiani kabisa, hatuzunguki," na Bi Azza nyuma ya kope zake akashtuka, kumbe wanamsema Halua, mbuzi wangu maskini, mzee mwenzangu, hana maziwa tena, lakini nani kawaambia anauzwa, Sinaw kwenye mnada wa mbuzi, yalla, hata hawaniulizi... Maram huyu kila kitu kwake ni i, watu wake walitokea Bujumbura, i na iko, iko na iko, siku aliyoletwa nyumbani Bi Azza alicheka mbele ya wakwe, akasema mwanangu kaniletea bibi arusi anayelia kama friji, i-i-i-i, na watu wote wakaanguka kwa kicheko, naye Maram kainamisha uso kwenye sahani, miaka hiyo yote hajapata kulijibu neno hilo, na watoto wakaichukua i yake wakaiacha a yangu, wameirahisisha lugha kama nguo ya kufulia mashine.

"Lakini itakubali kukaa?" huyo Ibtihal, mjukuu wake, anayeolewa mfungo mosi, ambaye wakwe zake watakuja kuona nyumba, "itakubali nini," mama yake akamjibu, "huyo Jumana wa Sinaw iko nazo zingine tatu, anazilisha, anazikogesha, usiku anafunga mlango zisitoke," "italia," "italia siku mbili, mwishowe itachoka kulia," wallahi kweli, Halua hulia, siku niliyolazwa na presha alilia mpaka majirani wakaja, na Ibtihal akasema, "afadhali, harufu itatoka, inakojoa popote," na Bi Azza akatabasamu ndani ya shela yake, mbuzi mwanangu wataka akojoe wapi, kwenye choo cha kukaa?, nikifika nyumbani nitamfunga karibu na mlango wangu nione nani atakayemgusa, nitamwambia Humaid, huyu hauzwi, akifa afie kwangu... kikatikisika, ya Rabbi, kikatulia.

"Bado inasali?"

Maram ndiye aliyeuliza.

"Inasali, lakini inachanganya, jana imesali adhuhuri, ikakaa, ikasimama ikasali tena adhuhuri," akajibu Ibtihal.

Naam, hapo Bi Azza akangoja, akangoja kama mtu aliyeangusha jiwe kisimani na hasikii maji, akasema, Halua hupiga magoti ya mbele anapotaka kulala, labda ndiko huko wanakokuita kusali, watoto wana mzaha, labda, Halua akiinama na kuinuka, labda, adhuhuri nilisali mara moja mimi, moja, halafu nikasali... nikasali nini?... "na udhu mpaka ishikwe mkono," akasema Ibtihal, "mimi siwezi mama, kucha zangu," na labda zote zikaisha, mbuzi hatawadhi, mkoba wa kijani ni nguo zangu, chetezo hakikuja kufukizwa jabalini, harufu ni yangu, na hao watatu wanaofungiwa mlango usiku kule Sinaw hawana pembe.

Mwenye roho ni a, mwanangu, sauti ya mama yake hiyo, Mkunazini, Unguja, kabla ya mapinduzi na kukimbilia huku, mama kashika kitana anamsuka na kila akikosea neno anavuta nywele, mtu anakuja, paka anakuja, hata mdudu anakuja, kitu ndicho kinachokuja, ukimwita mwenye roho kama kitu umemtoa roho, umesikia?, nimesikia mama... na baraza hiyo hiyo, siku hiyo hiyo pengine, bibi yake, Bibi Wadha wa mapete, anauliza kwa sauti ya kushiba, "Kile kimekula? Kipeni ukoko," na Azza mtoto akaukwangua ukoko wa wali chunguni, akafikiri na i na a na ki zake kichwani, kile, kidogo, basi ni kijipaka, akakipelekea kijipaka cha chini ya ngazi, kikanusa kikauacha, na wanawake walipojua wakacheka mpaka wakajifuta machozi kwa ncha za kanga, loo mtoto huyu!, kapeleka kwa paka chakula cha Mboni!, maana kile alikuwa Bi Mboni, kizee wa jikoni aliyewalea wote, hata Bibi Wadha mwenyewe alinyonya kwake, na Bi Mboni naye pale jikoni mafigani akacheka, akacheka pamoja nao, hee hee, mkono wake umekinga vilevile, mtupu, na Azza akaona, akacheka zaidi, kwa kuwa wakubwa walikuwa wanacheka... usinitazame Bi Mboni, shikamoo, shikamoo, shuka kwenye kioo hicho, nimefumba macho na bado nakuona.

Lakini yupo Humaid, akasema Bi Azza, yupo, huyu nimemfundisha mwenyewe, huyu nilimvuta sikio kwa kila i, mpaka leo wenzake wa kazini humcheka kwamba anasema Kiswahili cha makaburini, atawaambia sasa hivi, nyie hamna haya, huyo ni mama yangu, au hata asiseme mama yangu, aseme tu neno moja, ata, a-ta, yanitosha, na nyumbani nitalala, najua nitalala kitandani pangu, sema baba, kohoa useme... Humaid akakohoa kweli, Bi Azza akasikia kidevu cha mwanawe kinakwaruza ukosi wa kanzu, kama marehemu baba yake alivyokuwa, na upepo ukapita kwenye waya ukalia kama mtu anayepuliza chupa.

"Itazoea," akasema Humaid.

Polepole kalisema, kwa uangalifu, neno lililopigwa pasi, kama mtu avaaye kiatu cha mwenzake kwa mara ya kwanza na kuona kumbe kinamtosha, na Bi Azza akafumbua macho. Kigari palepale. Migomba palepale. Bibi wa Nizwa akamtazama akamwombea salama kwa Kiarabu, na Humaid akaruka, "aah, mama, umeamka! Hujambo mama? Huogopi?" na kamshika goti, mkono wa moto, mkono wa mwana mwema, naye Bi Azza akaweka shela yake sawa, akamwangalia machoni, akamjibu kwa sauti ile ya hadithi aliyomlaza nayo utotoni.

"Haijambo, baba. Imechoka kidogo tu. Lakini bado inasali."

Ibtihal akapiga makofi kwa furaha, "bibi leo kasema kama sisi! Mama, umesikia?" na Maram akasikia, akainua uso kidogo kutoka sahani ile ya zamani, na Humaid peke yake, ndani ya sanduku zima lile, ndiye aliyejua hesabu ya i hiyo, damu ikamshuka usoni, akauondoa mkono gotini, akageukia kioo akatazama jabali ambalo halikuwa likisogea, na Bi Azza akamwacha atazame, hakumsaidia, kwa mara ya kwanza tangu amzae hakumsaidia, na kwa kuwa upepo haujatulia na hapana pa kwenda, akaanza kuwagawia urithi mumo humo, moyoni, na ndivyo ilivyokuja kuwa: chumba akakirithi Ibtihal, kikapakwa rangi ya maziwa, chetezo akakirithi Maram, na kila akifukiza mtu humuuliza harufu hii ya nani, Humaid akairithi ile i, akaishi nayo mdomoni kama ganda la kungu lililomkwama jinoni, na radhi zake, ambazo mwana huzingoja kuliko nyumba, Bi Azza akampa mbuzi, chukua Halua, zako hizi, weye mwenye roho, na yeye mwenyewe akarithi ukoko wa Bi Mboni, uliokuwa ukimngoja chunguni tangu Mkunazini, na mkono umekwisha kinga.