Mgonjwa wa Mazoezi

Jina la Bandeji alipewa na mama yake mdogo, wiki ileile alipojiunga na kikundi cha vijana wa huduma ya kwanza, na likamganda mpaka majirani wakasahau lile aliloitwa na wazazi wake. Kila jioni alirudi na vitambaa vyake vya pembetatu akitafuta wa kumfunga. Baba mdogo alikimbilia barazani. Watoto walidai pipi kwanza. Aliyebaki ni mama mdogo, aliyemlea tangu anaachishwa ziwa, mwanamke mnene mwenye utani mwingi, aliyeshinda kutwa kiwandani akipiga pasi sare za shule. Akifika nyumbani alijilaza sakafuni na kuuliza, "Haya daktari, leo nimevunjika nini?"

Alikuwa mgonjwa wa ovyo kabisa. Alizimia, akazinduka kuuliza kama mboga inaungua, akazimia tena. Bandeji alimpima kama alivyofundishwa: anaitika, anapumua, kisha mikono inashuka kutoka kichwani, shingoni, mabegani, kifuani. Ikifika tumboni mama mdogo alicheka kama anayetekenywa, akaishika ile mikono na kuivusha mpaka magotini. "Tumbo lipo, mwanangu, halijaenda popote. Endelea."

Kumpapasa mama yako tumbo si mchezo, hata mkiwa mchezoni. Bandeji naye alicheka, akaendelea. Lakini mazoea yana taabu. Mkono ukizoea kuruka mahali, utaparuka hata siku ambayo hakuna anayecheka.

Siku hiyo ikafika. Mwenye kiwanda alikuwa ameona nafasi ya juu ya meza za pasi inakaa bure, akajenga jukwaa la mbao na kulijaza majora ya vitambaa. Asubuhi moja mbao zikachoka, jukwaa likawaporomokea waliokuwa chini. Kikundi kilikuwa na chumba chake mtaa wa pili, kwa hiyo vijana walifika kabla ya mtu mwingine yeyote. Nesi mstaafu aliyewafundisha akawagawia kazi: kila mmoja apite upande wake, apime, kisha aseme nani atangulie. Gari la wagonjwa lilikuwa moja, na hospitali ilikuwa mbali.

Upande wa Bandeji ulikuwa ule wa meza za pasi.

Alimkuta mama mdogo ameketi chini, mgongo kwenye mguu wa meza, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Macho yalikuwa wazi na yalimtambua. Bandeji akashusha pumzi, akamuuliza hali.

"Mzima, mwanangu. Jora limenipiga kumbo tu. Nenda kwa wenzangu, yule pale mguu umegeuka."

Sasa mtu aliyelelewa akalelewa, akiulizwa hali, atajibu nini? Hata mwenye homa husema njema kwanza, homa itajwe baadaye. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wahenga wana haki yao, lakini huyu hakuficha kitu. Alijibu salamu.

Bandeji akapiga magoti na kumpima. Kichwa, shingo, mabega, kifua. Mikono ikavuka, ikatua magotini. Mama mdogo akaomba maji, akisema vumbi limemkausha koo. Bandeji akamwambia avumilie kidogo, akainuka na kumweleza nesi kwamba yule wa mguu atangulie, pamoja na mwingine aliyevunjika bega. Mama mdogo anaweza kusubiri, alisema, na moyoni alijivunia kidogo kwamba hakumpendelea mtu wake. Gari likaondoka limejaa.

Aliporudi, utani ulikuwa umekwisha. Uso wa mama mdogo ulikuwa na rangi ya majivu, jasho lake lilikuwa la baridi, na aliomba maji tena. Vijana waliyakariri hayo darasani mpaka wakayachoka: jasho la baridi, kiu, mapigo mepesi ya haraka, basi damu inavuja ndani. Bandeji akamshika kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwa yanakimbia, membamba kama uzi. Ndipo akapenyeza mkono chini ya gauni bila kuomba ruhusa, na tumbo likawa gumu kama ubao.

Mama mdogo hakucheka. Aliuacha mkono palepale.

Bandeji akamlaza, akampandisha miguu juu ya jora, akamfunika kwa sare zilizokuwa bado na joto la pasi. Maji hakumpa, maana anayevuja damu ndani hanyweshwi, na kumnyima mtu aliyemlea tone la maji, tena anaomba kwa upole, kulimkata maini. Nesi alisimamisha pikapu ya mpita njia. Walipofika hospitali, gari lile la kwanza lilikuwa limeshashusha watu na linaoshwa. Mama mdogo alikata roho mlangoni pa chumba cha upasuaji, daktari ameshavaa glavu.

Msibani watu walimsifu Bandeji kwa ujasiri wake, na kila sifa ilimchoma. Watu walipotawanyika, baba mdogo alimkuta uani akifua, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Jambo moja tu," alisema. "Alilalamika maumivu?"

"Hapana. Alisema ni mzima."

"Basi hakuteseka."

Uso wa mzee ulilegea kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Bandeji angeweza kuliacha hapo, na hakuna ambaye angejua. Alitamani sana kuliacha.

"Baba mdogo, sikumshika tumbo. Ningemshika mapema, angepanda gari la kwanza."

Mzee alitazama povu likitulia ndani ya beseni.

"Ungemshika, angeuondoa mkono wako," alisema mwishowe. "Namjua mke wangu."

"Angeuondoa," Bandeji alisema. "Ningeurudisha."

Baba mdogo aliitikia kwa kichwa. Hakusema amesamehe, wala hakusema hakuna kosa. Aliinuka, akashika ncha ya pili ya shuka lililokuwa ndani ya maji, wakalikamua pamoja huku wote wawili wanalia. Lilikuwa shuka la kitanda chake na mkewe.