Mlango wa Kijani, Mambrui

Mamake Mwanamina alifariki mtoto akiwa wa miaka minne. Alimwachia daftari moja la utendi, limeandikwa kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika wanawake wa Malindi zama zile. Ubeti wa mwisho una mstari mmoja tu: "Mwanamina nakuasa." Pembeni, kwa wino uliofifia: "Beti zilizosalia ziko kwa Shekha, Mambrui, mlango wa kijani mkabala na kisima."

Mwaka wa 1984, akiwa na miaka thelathini na tano, Mwanamina alivuka mto Sabaki kwenda kutafuta mamake alimuasa nini.

Mambrui hakuona mlango wa kijani hata mmoja. Barazani alimkuta Bi Kaltuma, ajuza mwembamba, akisuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo, bibi. Namtafuta Shekha wa mlango wa kijani, mkabala na kisima."

"Marahaba. Mashekha wapo kumi, mwanangu. Milango hupakwa rangi kila harusi, na kisima kilifukiwa lilipokuja bomba. Huyo Shekha binti nani?"

"Hakuandika."

"Lo, mamako. Mlango aliuona, babake mtu hakumwona. Na wewe binti nani?"

"Mamangu ni Mahfudha binti Abdurahman, wa Shela, Malindi."

Ukili ukatulia mapajani. "Mahfudha mshona kofia? Basi Shekha wako ni binti Mbaruk. Walikuwa chanda na pete, wale."

"Yuko wapi?" Mwanamina alijikuta amekwisha kuketi.

"Alitangulia mbele ya haki mwaka juzi, Takaungu, alikohamia na mumewe. Nilikwenda hitimani."

"Na karatasi zake, bibi?"

Bi Kaltuma aliuweka ukili kando. "Wakweze waliona herufi, wakaona bismillahi juu, hawakusoma zaidi. Walidhani ni juzuu ya Kurani iliyochakaa. Wakazifunga kitambaa cha shashi nyeupe, wakazitia baharini kwa heshima zake."

Mwanamina alitafuta wa kumlaumu, asimpate. "Hawakukosa," alisema.

"Hawakukosa. Ila kabla hajahama, Shekha alikuwa akizisoma kila alasiri, mimi upande huu wa ukuta, yeye ule. Maneno yamenitoka, mwanangu, sikudanganyi. Mahadhi ninayo."

Akafumba macho, akaanza kughani bila neno, sauti ikipanda, ikikawia, ikishuka kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Alipomaliza, Mwanamina akamwomba arudie. Akarudia. Mara ya tatu Mwanamina alitangulia na yale maneno mawili aliyo nayo, "Mwanamina nakuasa," kisha akaiacha sauti ya bibi iendelee peke yake.