Arifa Yenye Adabu

Kompyuta yangu hapa kijijini Kwai inawaandikia wauza maziwa programu, nao wanaitarajia kesho. Inajiendesha yenyewe; ikitaka ruhusa yangu, hurusha ujumbe pembeni mwa skrini. Maktaba za arifa, yaani vifurushi vya msimbo vinavyorusha ujumbe huo, nilizojaribu zilinichefua: ujumbe unazuka bila salamu, kama mbuzi jikoni! Nikachagua iliyokubali kuamkia kwanza, na kitufe cha kukubali nikakiita "Marahaba".

Alasiri ukaja ujumbe: "Shikamoo mzee, habari za shamba, za ng'ombe, za..." Salamu zikajaza kijisanduku, swali likakatwa. Nikabofya Marahaba.

Kumbe kompyuta iliuliza kama ifute programu yote.

"Imefuta, Baba Stephano?" aliuliza mke wangu, Yusta.

"Mpaka maziwa kwenye ndoo!"

Nikatema mate dirishani, nikaanza upya na maktaba isiyo na haya: "Nifute? Ndiyo. Hapana." Inatia kinyaa, lakini swali linasomeka.